Maji matulivu ya Loch Ryan yanakwishia wapi?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na sasa naendesha lori hapa Glasgow. Karibu kila wiki napanda meli Cairnryan kuvukia Belfast. Wenyeji wanaita yale maji "loch", neno lile lile wanaloitia maziwa yao, lakini mimi naonja chumvi. Tukitoka gatini meli inakwenda kama imebeba mayai, chai haitikisiki, kisha ghafla tunaanza kurushwa. Tena Stranraer kuna mji na reli mpaka baharini, ila meli zote zinafunga huku nje porini. Kwa nini? Na mzee mmoja ninayepanga naye foleni ya malori, kila ikifika Januari husema, "Loch hii imeua watu kwa upole wake." Ana maana gani?

Jibu:

Ndugu yangu wa Likoni, huyo mzee amekujibu yote, ila amelifupisha jibu mno. Ngoja nilikunjue.

Nianze na lililo jepesi. Loch ni neno la Kigaeli, na sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kulitamka vibaya: ile ch ya mwisho ni kh yetu ya "subalkheri". Waskoti huliita hivyo ziwa la maji baridi, na huuita hivyo hivyo mkono wa bahari ulioingia bara. Loch Lomond ni ziwa. Loch Ryan, hiyo unayopita wewe, ni bahari tupu, na kwa Kiswahili ningeiita hori. Ni hori kubwa: urefu wake ni kama kilomita 13, upana haufiki 5. Mdomo umeelekea kaskazini, mkia uko kusini, na mji wa Stranraer umekaa mkiani. Cairnryan iko ufuko wa mashariki, karibu zaidi na mdomo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 3, si mbali na uliyoyazoea Mombasa, na ndiyo maana lile daraja unalopandia na lori melini limetengenezwa lipande na kushuka pamoja na maji.

Kilindini mlifanyiwa kazi na mto. Lilikuwa bonde, bahari ikapanda ikalizamisha, na kina chake ndicho kilichowapa jina la kilindi. Loch Ryan ilichongwa na barafu. Pale palikuwa na ukanda wa mwamba laini mwekundu katikati ya mwamba mgumu wa kijivu, na barafu nene ilipopita juu yake ikalichimbua lile laini na kuliacha gumu limesimama. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, bahari ikaingia. Lakini barafu haiondoki mikono mitupu wala haiachi pasafi. Iliacha mchanga na kokoto, hasa upande wa kusini, ambako shingo ya nchi iliyobaki kati ya Loch Ryan na ghuba ya Luce Bay ni tambarare ya chini. Kwa hiyo mkiani mwa loch kina ni haba. Shika hilo, nitalirudia.

Sasa chukua ramani. Magharibi ya Loch Ryan utaona rasi ndefu mfano wa kichwa cha nyundo, nao wanaiita Rhins of Galloway. Kwetu upepo una miezi yake: kaskazi ina miezi yake na kusi ina yake, na nahodha anajua mwaka mzima atakingia wapi. Huko hakuna adabu hiyo. Upepo huvuma saa yoyote kutoka kokote, ila mara nyingi, na kwa nguvu zaidi, hutoka kusini-magharibi na magharibi. Na upande huo ndio uliozibwa na Rhins. Loch Ryan nzima iko demanini mwa rasi ile, yaani upande uliokingwa na upepo. Dhoruba inaweza kuwa inarusha povu juu ya majabali ya upande wa pili, nawe gatini ukaona maji yamekunjamana tu kama kitambaa kisichopigwa pasi.

Bandari ya asili maana yake ni hiyo: nchi imekujengea ukuta bure. Ila kila ukuta una mlango, na mlango wa loch hii umefunguka kaskazini.

Huenda ukashangaa kwamba watu walikaa karibu miaka 200 wakiipuuza. Ukiweka rula kwenye ramani, njia fupi ya kuvuka kutoka pande hizo za Uskoti kwenda Ayalandi haianzii Loch Ryan. Inaanzia Portpatrick, upande wa nje wa Rhins, kwenda Donaghadee, kama kilomita 34 tu. Barua za serikali zilipita hapo tangu karne ya 17. Wakubwa walipenda ile rula. Mhandisi John Smeaton alijenga bandari Portpatrick katika miaka ya 1770, na kuanzia 1821 wakajenga upya, kwa ukubwa zaidi, kwa mpango wa John Rennie. Mawe yakapangwa, bahari ikayapangua, kwa kuwa Portpatrick imeukabili ule ule upepo wa kusini-magharibi kifua wazi. Mwaka 1849 meli za barua ziliondolewa. Reli ilifika Stranraer mwaka 1861, na mwaka uliofuata ikafika Portpatrick, kwenye bandari ambayo barua zilikwisha kuikimbia. Nami nacheka kila nikisoma habari hiyo, maana nimekaa vikao vingi vya bandari ambavyo rula ilimshinda baharia.

Meli za Stranraer kwenda Larne zilianza 1862, zikasita, zikarudi kwa uhakika mwaka 1872, na kwa muda wa karibu miaka 140 Stranraer ikawa ndiyo mlango wa Ayalandi. Safari ilikuwa ndefu kuliko ya Portpatrick, lakini abiria alipanda, akaketi, akavua koti, na mpaka meli inafika mdomoni alikuwa ameshakula. Treni ilikuja mpaka kwenye gati lenyewe.

Hapo ndipo linapoingia neno la mzee wako.

Mwaka 1947 njia hiyo ilipata meli mpya, Princess Victoria, iliyoundwa na kampuni ya Denny kule Dumbarton. Urefu wake ulikuwa kama mita 94. Kwa wakati wake ilikuwa ya kisasa: magari hayakunyanyuliwa kwa winchi, yaliingia kwa magurudumu yake kupitia tezini, yaani nyuma ya meli, kama unavyoingia wewe leo. Tezini palikuwa na milango miwili ya chuma, kimo chake kama mita 1.7, yaani kimo cha mtu wa kawaida. Juu yake palikuwa na pazia la chuma la kushushwa kuziba nafasi iliyobaki, lakini kwa kawaida halikushushwa, maana lilikula muda.

Jumamosi ya 31 Januari 1953, saa 1:45 asubuhi, iliondoka Stranraer. Dhoruba ilikuwa imetangazwa. Ni dhoruba ile ile ambayo usiku wake iliteremkia Bahari ya Kaskazini na kuua watu zaidi ya 1,800 Uholanzi. Na upepo wake haukutoka kusini-magharibi. Ulitoka kaskazini-magharibi, upande ambao ukuta wa Loch Ryan una mlango.

Ndani ya loch meli ilikwenda bila kudhurika. Ilipotoka mdomoni ilikuta bahari ya namna nyingine kabisa. Ilipogeuka magharibi kuelekea Larne, tezi ikawa wazi kwa mawimbi, na wimbi likaipiga ile milango ya chuma ikajikunja. Haikufungika tena. Maji yakaingia sitaha ya magari.

Kwa nini maji kwenye sitaha ya magari ni hatari kuliko maji mahali pengine popote melini? Chukua sinia la shaba, lile pana la biriani, ulitie maji ya kimo cha kidole, kisha ulibebe kwa mikono miwili ukitembea. Ukiliinamisha kidogo tu kulia, maji yote yanakimbilia kulia, na uzito wake unaliinamisha zaidi. Kwenye bakuli dogo jambo hilo halina nguvu. Kwenye sinia pana linakushinda. Sitaha ya magari ni sinia, haina kuta za kuyagawa maji, kwa sababu kuta zingezuia magari. Kwa hiyo meli yenye maelfu ya tani inaweza kupinduliwa na maji ambayo ukiyapima kimo yanakufika magotini. Princess Victoria ilikuwa na matundu ya kutolea maji nje, lakini ni machache na madogo. Maji yaliingia kwa milango na kutoka kwa matundu.

Nahodha, James Ferguson, alitaka kurudi lochini. Nani asingetaka? Maji matulivu yalikuwa nyuma yake pale pale. Meli haikukubali kugeuka. Wazo lililobaki lilikuwa kurudi kinyumenyume, tezi mbele, kwa kutumia usukani wa pili uliokuwa omoni, yaani mbele ya meli. Usukani huo hufungwa kwa pini meli ikiwa safarini. Mabaharia walitumwa omoni kuifungua, na mawimbi hayakuwapa nafasi. Saa 3:46 walituma habari kwamba meli haitawaliki na wanahitaji msaada. Saa 4:32 wakatuma ishara ya kuomba kuokolewa. Meli, ikiwa imelala upande wa kulia, ikasogea kuelekea Ayalandi huku manowari Contest na mashua za uokozi za Portpatrick na Donaghadee zikiitafuta mahali ambapo haikuwapo tena. Kama saa 8 mchana amri ya kuiacha meli ilitolewa, karibu na visiwa vya Copeland, pwani ya Ayalandi ikionekana kwa macho.

Walifariki zaidi ya watu 130. Waliookoka ni 44, wote wanaume. Mashua waliyopakiwa wanawake na watoto ilibamizwa kwenye ubavu wa meli. Fundi wa redio, David Broadfoot, hakuondoka kwenye chombo chake mpaka meli ilipozama naye, na baadaye alitunukiwa Msalaba wa George. Ukipata nafasi siku moja uingie Stranraer mjini, kwenye bustani ya Agnew iko kumbukumbu yao.

Uchunguzi ulisema milango ya tezini haikuwa na nguvu za kutosha, na matundu ya kutolea maji hayakutosha. Mimi naongeza langu, na hili ni la kwangu si la uchunguzi: milango ile ilitosha kabisa kwa kilomita 13 za mwanzo. Meli ilipimwa kwa siku nyingi za kawaida, na siku nyingi za kawaida za njia ile zina mwanzo mpole. Hapo ndipo upole wa loch unapoua. Mtu anayeondoka Portpatrick anaiona bahari kabla hajafungua kamba. Anayeondoka Stranraer anaambiwa habari zake.

Somo hilo halikuingia vichwani mara moja. Meli ya magari Herald of Free Enterprise ilipinduka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 ikaua watu 193, nayo ilikuwa imetoka na milango ya omo wazi. Meli ya magari iitwayo Estonia ikazama tarehe 28 Septemba 1994 na watu 852. Sinia lile lile. Ndiyo maana leo darajani kwa nahodha kuna taa na kamera zinazomwonyesha kila mlango, na ndiyo maana unafukuzwa sitaha ya magari kabla meli haijaondoka hata kama umesahau chaja ya simu ndani ya lori. Vijana wanaopita na minyororo kulifunga lori lako usiwaonee haraka. Lori la tani 40 likikatika mnyororo linafanya kazi ile ile ya maji: linakimbilia upande ulioinama.

Haya, turudi kwenye chai yako isiyotikisika. Sehemu ya jibu ni ukuta wa Rhins. Sehemu nyingine ni kwamba nahodha anakwenda polepole kwa makusudi, na hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Meli ikienda, inasukuma maji pembeni na chini yake. Kwenye kina kirefu maji yana njia. Kwenye kina haba maji yanabanwa kati ya chini ya meli na mchanga, yanapita kwa kasi, na maji yapitayo kwa kasi hupunguza mkandamizo wake. Matokeo yake meli inavutwa chini. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba meli inachutama. Tena inachutama kwa hesabu kali: ukizidisha kasi mara mbili, inachutama kama mara nne. Meli iliyokuwa na nafasi ya kutosha chini yake ikiwa imesimama, inaweza kugusa mchanga kwa sababu ya kukimbia tu. Dalili yake utaisikia kabla ya kuiona: vijiko vinaanza kulia kwenye sahani, sakafu inatetemeka, ingawa bahari ni kioo. Ukisikia hivyo ndani ya hori, jua chini hapako mbali.

Halafu kuna mkia wa mawimbi ambao meli inauburuta nyuma. Ndani ya hori mawimbi hayo hayana pa kwenda ila ufukweni, kwenye mashua zilizofungwa, na juu ya chaza. Ndiyo, chaza. Loch Ryan ndiyo mahali pekee palipobaki Uskoti pa kuvulia chaza wa asili wa Ulaya kama biashara, na haki ya kuwavua ilitolewa na Mfalme William III kwa hati ya mwaka 1701 kwa familia ya Wallace. Wakubwa huvunwa, wadogo hurudishwa majini wakakue. Utulivu ule ule unaoipenda chai yako ndio unaowalea.

Sasa changanya haya mawili, kina haba mkiani na meli zinazozidi kunenepa, upate jibu la kwa nini Stranraer imeachwa. Princess Victoria ilikuwa ya mita 94. Mwaka 1996 Stena Line ilileta pale meli ya kasi aina ya HSS, yenye miili miwili, mita 126 kwa 40, inayokwenda noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Ajabu ya dunia! Lakini mwendo wa noti 40 una faida gani ndani ya hori ambalo nusu ya kwanza lazima uende kwa staha? Na mitambo yake, jamii ya injini za ndege, ilikunywa mafuta vibaya sana. Meli zilizofuata, Superfast VII na VIII, zina mita 203. Kuzipeleka mpaka mkiani kungetaka kuchimba chini ya bahari, na kuchimba si kazi ya mara moja, kwa sababu mchanga hurudi.

Cairnryan haikuwa wazo jipya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliogopa bandari za Glasgow na Liverpool zitaangamizwa kwa mabomu, ikatafuta mahali penye maji ya kina, mbali na miji. Kuanzia 1941 jeshi lilijenga bandari pale, na njia yake ya reli. Vita vilipokwisha nyambizi za Kijerumani zilizosalimu amri zilikusanywa Loch Ryan, na kati ya Novemba 1945 na Februari 1946 zikawa zinakokotwa nje kwenda kuzamishwa Atlantiki. 116 zilizamishwa katika operesheni hiyo, nyingi zikiwa zimetokea hapo. Baadaye Cairnryan ikawa mahali pa kukatakata meli kuukuu, na manowari kubwa Eagle na Ark Royal za kubebea ndege ziliishia pale kuwa chuma chakavu. Manowari ya kubebea ndege haifiki Stranraer hata kwa dua.

Meli za magari zilianza Cairnryan mwaka 1973, zikielekea Larne. Novemba 2011 Stena nayo ikahama Stranraer, ikafungua bandari yake mpya kaskazini kidogo ya kijiji, na Stranraer ikabaki bila meli hata moja. Safari ya Belfast sasa ni kama saa 2 na robo. Kwa hiyo zile kilomita za mwendo wa mayai unazozilalamikia, wewe umepunguziwa. Waliokutangulia walizipita zote.

Aliyepata hasara ni abiria wa miguu. Nilishuka treni Stranraer alasiri moja ya Novemba, nikiwa na mkoba mmoja. Kituo kiko pale pale juu ya gati, reli inakwenda mpaka inakaribia kuchovya maji, na mbele yake hakuna kitu. Shakwe wamesimama kwenye nguzo walizofungiwa meli. Kijana mmoja akaniuliza kama naitafuta meli, nikamwambia ndiyo, akacheka akanionyesha kituo cha basi. Wanaopanga safari siku hizi wanawapangia malori. Wewe ndiye mteja, si mimi mwenye mkoba. Lori haliulizi treni iko wapi, linauliza barabara, na pale Cairnryan unapita ya A77 kutoka Glasgow, na jirani yake A75 inayokwenda Uingereza. Madereva wenzako wanazilaumu zote mbili kwa wembamba, nami nawaunga mkono.

Utaniuliza kwa nini basi wasijenge daraja tukaachana na meli. Wamelipiga hesabu. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria pauni bilioni 335 kwa daraja na bilioni 209 kwa handaki. Kikwazo kimoja ni bonde la chini ya bahari liitwalo Beaufort's Dyke, lenye kina cha mita 200 hadi 300, ambalo baada ya vita lilifanywa jalala la silaha. Zaidi ya tani milioni moja za risasi na mabomu zilimwagwa humo, sehemu kubwa zikipakiwa melini pale pale Cairnryan. Mwaka 1995 baadhi ya mabomu ya fosforasi yalitupwa ufukweni wakati bomba la gesi likilazwa. Nani ataenda kuchimba nguzo hapo? Meli zitakuwapo maisha yako na ya wajukuu wako.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, lakini nina hakika limekukasirisha: siku ambayo kutoka dirishani unaona loch imetulia, na ubao unasema safari imefutwa. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ushaijua, yaani hali ya mdomoni siyo ya gatini. Nje pale, Mlango wa Kaskazini unayabana maji ya Atlantiki kati ya Uskoti na Ayalandi. Penye wembamba zaidi ni kama kilomita 20 tu, na mkondo wa maji kujaa na kupwa unapita kwa nguvu. Upepo ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi hayawi makubwa tu, yanasimama wima na kukaribiana, na meli haipati nafasi ya kupanda moja kabla ya kukutana na la pili. Sababu ya pili ni ukuta wa chuma wa mita 203. Meli ya namna hiyo ikiwa inafunga gati kwa mwendo wa polepole, usukani wake hauna nguvu, na ubavu wake mzima ni tanga ambalo huwezi kulitua. Upepo nao una hesabu ya kuchutama: ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Rhins inazuia mawimbi kabisa, lakini upepo inaupunguza tu. Mara nyingi nahodha haogopi kuvuka. Anaogopa zile mita 30 za mwisho.

Safari ijayo fanya hivi. Meli ikishaondoka, chukua chai yako, usiijaze sana, ukae dirisha la kushoto. Utauona ufuko wa Rhins ukiambatana nawe, chini, wa kijani, wenye ng'ombe. Mbele kaskazini, kukiwa kweupe, kiko kisiwa cha Ailsa Craig kimesimama peke yake kama kichuguu baharini. Nchi ya kushoto itafika mwisho, na meli itaanza kugeuka magharibi. Hapo utafute mnara mweupe wa taa kwenye rasi ya Corsewall, aliojenga Robert Stevenson, unaowaka tangu 1817. Utakapokuwa unakaribia kuwa sawa na bega lako, weka kikombe chini.